Gesi Isiyo na Ofisi

Mtaa wetu unaitwa Airport, na si jina la utani. Ni wadi kamili, moja kati ya tano za eneo bunge la Changamwe, na uwanja wenyewe wa ndege wa Moi, ambao wazee bado wanauita Port Reitz, uko nyuma ya ua tu. Ndege ikishuka maongezi husimama, halafu huendelea pale pale yalipokatikia. Anayetazama juu ni mgeni.

Jioni moja nilikuwa kwenye kibanda cha chai kando ya barabara ya kwenda uwanjani, mahamri mawili mbele yangu na mbaazi zikipoa, mtoto wa ndugu yangu alipokuja na daftari lake. Yuko kidato cha tatu na klabu ya sayansi ilikuwa imempa kazi ya kuandika juu ya ubongo. Alikuwa ameuchora kwa ubavuni, vizuri kweli, kwa penseli za rangi, na mishale ikitoka kila upande: huku kuona, huku kusikia, huku kumbukumbu, huku mizani ya mwili. Mshale mmoja ulikuwa umeandikwa jina lakini hauna pa kwenda.

"Ami, nitriki oksidi inatengenezwa sehemu gani ya ubongo? Nimesoma kwamba ipo, lakini kwenye mchoro siioni."

Kabla sijafungua mdomo, dereva wa trela aliyekuwa akingoja foleni ya makontena isogee alikwisha kujibu. "Hiyo si ya ubongo, kijana. Huo ni moshi wa ekzosi. Ukikuingia kichwani huamki." Kijana wa boda boda aliyekaa mkabala akacheka. "Mzee nawe! Hiyo ni dawa ya wanaume. Haikai kichwani, inakaa huku," na akaonyesha kwa kidole, mpaka mama mwenye kibanda akamkemea kwamba hapa pana mtoto.

Meza moja, rai tatu. Ya dereva ni kwamba gesi hii ni sumu, kwa hivyo ubongo hauwezi kuwa nayo. Ya boda boda ni kwamba ni mambo ya mishipa ya damu na nguvu za kiume, ubongo haumo. Ya mtoto haikusemwa kwa sauti ila ilikuwa ndani ya mchoro wake: kwamba kila kitu cha ubongo kina ofisi yake yenye kibao mlangoni, na ukishaijua ofisi umeshaijua kazi. Hii ya tatu ndiyo ngumu kung'oa, kwa sababu ndiyo tunayofundishwa darasani.

Nianze na dereva, maana yeye amekosea kidogo tu. Kikemia yuko sawa. Nitriki oksidi ni atomu moja ya nitrojeni iliyoshikana na moja ya oksijeni, basi. Hewa tunayovuta imejaa hizo zote mbili, lakini haziungani hivi hivi. Zinataka moto mkali. Moto huo umo ndani ya injini ya dizeli, umo ndani ya injini ya ndege, na radi ikipiga umo pia. Gesi ikishatoka kwenye bomba hukutana na hewa ya nje ikageuka nitrojeni dioksidi, ile ya rangi ya hudhurungi inayochoma koo na mapafu. Anayelala chumba kilichopakana na barabara ya malori hahitaji mimi kumweleza.

Ila sumu ni kipimo. Tangu 1999 gesi hii hii imeruhusiwa rasmi Marekani kuwa dawa ya watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao imekataa kufunguka: mtoto huvutishwa sehemu 20 kwa kila sehemu milioni za hewa, mishipa ikalegea, damu ikapita. Nao ubongo hutumia kiasi kidogo mno kuliko hicho, tena huitengeneza bila moto. Seli ya neva ina kimeng'enya kinachochukua arginini, kitu tunachokipata kwenye samaki, njugu na kunde, kikaibandua nitrojeni yake moja na kuiunganisha na oksijeni kwa joto la kawaida la mwili. Dereva aliuona moshi akadhani ameiona gesi yote.

(Nifungue mabano. Wengi huichanganya na nitrasi oksidi, gesi ya kutuliza maumivu inayotumiwa na madaktari wa meno, ile inayochekesha. Hizo ni gesi mbili mbalimbali. Moja ina nitrojeni moja, ya pili ina mbili. Herufi mbili zikikosewa kwenye daftari, mada nzima imehama.)

Kijana wa boda boda amesoma matangazo. Nguzo za umeme kuanzia Magongo hadi raundabauti ya Changamwe zimebandikwa karatasi za waganga wa nguvu za kiume, na siku hizi, juu ya mizizi na asali, wengine wameokota maneno ya maabara na kuyaweka kwenye lebo za chupa. Maneno yenyewe yana asili ya heshima. Mwaka 1980 Robert Furchgott, mtafiti wa New York, alionyesha kwamba kipande cha mshipa wa sungura hulegea kikitiwa asetilikolini iwapo tu utando wake wa ndani haujakwaruzwa. Maana yake utando huo unatoa kitu. Ilipita miaka kama saba kabla ya kitu hicho kutambuliwa kuwa ni nitriki oksidi. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakatunukiwa Nobel ya tiba. Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras ambaye kundi lake huko Uingereza lilitoa ushahidi wa wazi mwaka 1987, akaachwa nje, na wapo ambao hawajalisahau hilo hadi leo.

Mwaka ule ule wa Nobel, kidonge cha buluu kiliingia sokoni, na hapo ndipo gesi ilipopata sifa ya mtaani. Lakini kidonge hakileti gesi. Kinachofanya ni kuzuia kufutwa kwa ujumbe ambao gesi imekwisha kuuandika ndani ya seli. Kama neva hazijatoa gesi kwanza, kidonge hakina la kufanya. Na mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walikikuta kimeng'enya cha kuitengeneza ndani ya neva zenyewe zinazokiendea kiungo hicho. Kwa hivyo hata pale alipoonyesha kwa kidole, kijana wetu alikuwa anaonyesha neva.

Turudi kwa mtoto na mshale wake.

Rai ya ofisi haikutoka hewani. Mtu akiumia nyuma ya kichwa anaweza kupofuka ingawa macho yake ni mazima. Akipata kiharusi upande wa kushoto maneno yanaweza kumpotea. Mambo haya yamethibitishwa zaidi ya karne. Kosa ni kuyachukua na kuyapachika kila mahali, kana kwamba ubongo ni jumba la serikali la ghorofa nne ambamo ukikosa huduma chumba namba 6 unapelekwa chumba namba 9.

Tazama jinsi seli za gesi hii zilivyogunduliwa. Mwaka 1964 watafiti wawili, Thomas na Pearse, walikuwa wakitia rangi vipande vya ubongo ili kuona seli zipi zina uchangamfu fulani wa kikemia. Karibu seli zote zilibaki zimefifia. Chache, moja hapa, moja kule, zilishika buluu iliyokoza, mwili wa seli pamoja na matawi yake yote, kama mti uliochorwa kwa wino. Tena zilionyesha ukaidi: tishu ikiharibika, zenyewe hazikufa upesi. Wakaziita seli pweke zenye bidii. Jina zuri, ila hakuna aliyejua bidii hiyo ni ya kazi gani.

Kwa miaka 27 hali ikabaki hivyo. Seli zilihesabiwa, zikapigwa picha, mahali pake pakaandikwa. Mwaka 1988 John Garthwaite na wenzake huko Uingereza walizichokoza seli za ubongo mdogo wa panya, zikatoa kitu kilicholegeza mshipa wa damu sawasawa na kile cha Furchgott. Mwaka 1990 David Bredt na Solomon Snyder, Baltimore, wakakisafisha kimeng'enya chenyewe kutoka ubongo wa panya na kutengeneza kingamwili za kukifuatilia. Kisha 1991 makundi mawili, moja la Vancouver na moja la Baltimore, yakaonyesha kwamba ile rangi ya buluu ya 1964 ilikuwa ikikishika kimeng'enya hicho hicho. Ramani ilikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni kujua ilikuwa ramani ya nini. Anayesema ukijua mahali umejua kazi, na aieleze miaka hiyo 27.

Na ramani yenyewe inasema nini? Nitaipitia kama mtu anayeshuka na matatu, kuanzia puani hadi kisogoni, bila kusimama kila steji.

Mbele kabisa, juu ya pua, kuna vivimbe viwili vya kunusia. Hapa zimejaa tele, katika seli ndogo ndogo za ndani na katika zile zinazozunguka vituo vya kupokea harufu. Juu yake limelala gamba la ubongo, lile lenye mikunjo tunalolisifu tukitaja akili. Hapa, kwa panya waliochunguzwa sana, seli kubwa zilizokoza rangi ni moja au mbili tu kwa kila mia, zimetawanyika katika tabaka zote na hata chini ya gamba, kwenye nyuzi nyeupe. Zaidi ndani kuna straiatamu, sehemu inayosaidia kuanzisha mwendo; nako ni chache vile vile, na ndizo zilizoonekana mwaka 1985 zikiwa zimesalia hai katika ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa wa Huntington, huku jirani zao wamekwisha teketea. Zimo katika hipokampasi ya kumbukumbu na katika amigdala ya hofu. Katika haipothalamasi zimekusanyika kwenye viini viwili vinavyotoa homoni ya uchungu wa uzazi na ile ya kubana maji mwilini. Kwenye shina la ubongo kuna makundi mawili yaliyojaa hasa, ambayo seli zake hutoa asetilikolini pamoja na gesi, na yanahusika na kuamka na usingizi wa ndoto. Halafu ubongo mdogo, huko nyuma, nao nitausimamia kidogo.

Kabla ya hapo, neno moja juu ya wanyama. Ramani hii imechorwa zaidi kwa panya. Kwa nyani na kwa binadamu gamba lina aina ya pili ya seli hizi, ndogo, zilizoshika rangi kidogo tu, nazo ni nyingi kuliko zile kubwa. Kwa hivyo hata takwimu ya moja au mbili kwa mia ni ya mnyama fulani na ya kipimo fulani cha rangi.

Sasa ubongo mdogo, kitu chenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, kilichokaa kisogoni, kinachonyosha mkono unaposhika kikombe na mguu unapokanyaga klachi. Ukiuangalia kipande chake kwenye hadubini unaona tabaka. Chini zimejaa seli za punje, ndogo na nyingi kupita kiasi, zinatengeneza gesi. Juu kuna seli za kikapu, nazo zinatengeneza. Katikati, kwa mstari mmoja kama minazi ya shamba la mzungu, zimesimama seli za Purkinje, kubwa, zenye matawi mapana kama kipepeo. Hizi ndizo mlango wa kutokea: amri yote ya gamba la ubongo mdogo hupitia kwao. Nazo hazina kimeng'enya cha gesi. Badala yake zina wingi wa kile kinachoipokea. Gesi inapikwa juu na chini yao, wao wanakula. Na majaribio ya tangu miaka ya tisini ya mwanzo yalionyesha kwamba pasipo gesi hiyo, moja ya njia ambazo mawasiliano ya seli za Purkinje hubadilika tunapojifunza mwendo mpya hukwama.

Basi, mshale wa mtoto uelekezwe wapi? Kwa anayepika au kwa anayekula?

Hapa ndipo mfano wa ofisi unapovunjika kabisa. Vipeleka ujumbe vya kawaida vya ubongo vinafuata utaratibu: vinawekwa kwenye vifuko, vinangoja amri, vinamwagwa kwenye mwanya mwembamba kati ya seli mbili, vinapokelewa na kipokezi kilichoumbiwa kazi hiyo. Ni barua iliyosajiliwa. Gesi haina vifuko wala haiwekwi akiba. Kalsiamu ikiingia kwenye seli, kimeng'enya kinaamka, gesi inazaliwa papo hapo na kutoka pande zote, kwa sababu ukuta wa seli kwake si ukuta. Nyumbani kwetu ukitaka kuelewa hili, tazama chetezo cha udi. Chetezo kiko chumba kimoja, naweza kukuonyesha kilipo. Lakini harufu haigongi mlango. Imekwisha fika uani, imekwisha mfikia jirani, na baada ya muda imekwisha. Gesi hii nayo haidumu. Inakamatwa na himoglobini ya damu inayopita karibu, inaungana na vitu vingine, na kwa muda mfupi sana haipo.

Inafika umbali gani? Hesabu za mwaka 1994 zilikisia duara la kama sehemu ya tano ya milimita, eneo ambalo kwa ubongo ni mtaa mzima wenye mamilioni ya viungio. Hesabu za baadaye zikapunguza sana makisio hayo, na leo wengi wanaona kwamba seli moja ikiwaka peke yake haifiki mbali. Ni nyingi zikiwaka kwa pamoja ndipo mtaa unanukia. Nalitaja hili kwa sababu wapo waliokimbilia upande wa pili, wakasema gesi inavuma ubongoni kama kusi. Haivumi. Inawahusu majirani.

Najua pingamizi litakalokuja: basi mwambie mtoto iko kila mahali, ukae kimya. Hapana. Nimetoka kusema seli za Purkinje hazina, na kwamba katika gamba la panya zilizokoza rangi ni moja au mbili kwa mia. Tena mahali gesi inapozaliwa panaweza kuamua kama ni rafiki au adui. Mwaka 1994 watafiti wa Boston waliwasababishia kiharusi vipanya waliozaliwa bila jeni ya kimeng'enya cha neva, na kidonda cha ubongo kikawa kidogo kuliko cha vipanya wa kawaida: gesi ya neva, ikitoka kwa wingi wakati damu imekatika, inaongeza madhara. Miaka miwili baadaye wakajaribu vipanya wasio na kimeng'enya cha mishipa ya damu. Hao kidonda kikawa kikubwa zaidi: gesi ya mishipa ilikuwa ikiwalinda. Gesi ni moja, ubongo ni mmoja, lakini yule ameumizwa na jirani na huyu ameokolewa na jirani. Swali lenye maana, kwa maoni yangu, ni nani amekaa ubavuni mwa nani.

Vipanya hao wasio na jeni wana kisa kingine ambacho napenda kuwasimulia wanafunzi. Walipotengenezwa kwa mara ya kwanza, 1993, kila mtu alingoja kuona ubongo ulioharibika. Ukapasuliwa, ukatazamwa, ukaonekana wa kawaida. Kilichokuwa cha ajabu ni tumbo: lilikuwa limevimba mara kadhaa, kwa sababu mlango wa chini wa tumbo hulegezwa na neva zinazotoa gesi, na gesi haikuwepo. Miaka miwili baadaye ndipo ikaonekana kasoro ya tabia. Madume hao walikuwa wagomvi kupita kiasi. Mwenzao akijilaza kuashiria amesalimu amri, hawaachi. Wapi kwenye mchoro utachora mshale wa "kumwachia aliyeshindwa"?

Na kuna zile chache za kwenye gamba. Mwaka 2008 ilichapishwa kwamba wakati mnyama amelala usingizi mzito, na hasa akiwa alinyimwa usingizi kabla, kundi hili la seli ndilo linaloonyesha dalili za kufanya kazi. Mimi ninayelala chini ya njia ya ndege nililipenda hilo kwa sababu zangu. Isitoshe, uchunguzi wa vipanya wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba seli hizi zikichochewa hupanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu nazo. Yaani seli mbili kwa mia zina mkono katika kugawa damu kwa zile 98. Mtu anayepima umuhimu wa seli kwa kuhesabu vichwa angezitupa.

Nimebakisha rai ya nne, ambayo haikusemwa kibandani lakini imo ndani ya ile ya boda boda: kwamba gesi ikiwa nzuri, basi nyingi ni bora. Na kinyume chake, ya dereva: kwamba mtu akipoteza fahamu, gesi ndiyo imezidi. Rai hizi mbili zilipambana hapa hapa Afrika Mashariki, juu ya ugonjwa ambao Pwani hatuhitaji kufafanuliwa.

Malaria ya ubongo humzimisha mtoto ghafla, degedege, kisha kimya. Asiyekufa mara nyingi huamka baada ya siku moja au mbili. Mwaka 1991 Ian Clark wa Australia na wenzake walitoa nadharia iliyokaa vizuri akilini: malaria inachochea mwili kutengeneza nitriki oksidi nyingi, gesi inapenya ubongoni na kuvuruga mazungumzo ya neva kama dawa ya nusukaputi, ikiondoka mtoto anaamka. Ilieleza mengi kwa mpigo. Wengi waliikubali.

Kisha wakapimwa watoto wenyewe. Dar es Salaam, timu ya Nicholas Anstey, Profesa Esther Mwaikambo akiwa mmoja wao, ilipima mabaki ya gesi hiyo katika mkojo na damu ya watoto 191, wenye malaria na wasio nayo, na matokeo yakachapishwa 1996. Kama nadharia ingekuwa sawa, waliozimia wangekuwa na kiwango cha juu. Ikawa kinyume kabisa. Kiwango cha juu zaidi kilikuwa kwa watoto wenye vimelea lakini wasioumwa, wanaocheza nje. Cha chini zaidi kilikuwa kwa waliokufa kwa malaria ya ubongo. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba watoto waliozimia walikuwa pia na upungufu wa arginini, malighafi yenyewe. Na 2002 lilikuwa limeshachapishwa badiliko la jeni lililohusishwa na gesi nyingi zaidi na kinga dhidi ya malaria kali, kwa watoto wa Tanzania na wa Kenya. Hiyo ni gesi ya seli za ulinzi na ya mishipa ya damu zaidi kuliko ya neva. Vimeng'enya vya kuitengeneza viko vya aina tatu, na hapa ndipo wengi hukosea.

Ungedhani hadithi imekwisha: gesi imepungua, basi iongezwe. Ikaongezwa. Uganda, katika hospitali ya rufaa ya Jinja, watoto 180 wenye malaria kali waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakavutishwa gesi kwa kipimo cha sehemu 80 kwa milioni, wengine hewa ya kawaida, wote wakipewa dawa ya malaria. Jaribio la pili likafanywa Mbarara. Majibu ya yote mawili yalitoka 2015: waliovuta gesi hawakupata nafuu zaidi. Pengine gesi iliyoingia kwa pua ilinaswa na himoglobini mapafuni kabla haijafika ilikotakiwa; pengine tatizo lilikuwa limeshapita hatua ya gesi. Vyovyote iwavyo, kuijua ilipopungua hakukutosha kuwaambia madaktari waitie kupitia mlango gani. Dawa iliyopunguza vifo ni artesunate ya sindano: katika jaribio la nchi tisa za Afrika lililochapishwa 2010, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, vifo vilishuka kutoka asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini hadi 8.5. Mwenye chupa ya kuongeza gesi kwenye nguzo ya umeme hajafanyiwa jaribio la namna hiyo, na mzazi mwenye mtoto wa homa asimsikilize.

Sikuyasema yote haya kibandani. Foleni ilisogea, dereva akapanda trela lake, boda boda akapata abiria wa Chaani. Nilimwambia mtoto afute ule mshale usio na pa kwenda, achukue penseli ya buluu, aweke nukta: nyingi puani, chache chache kwenye gamba, makundi mawili ya kukoza kwenye shina, nyingi tena kisogoni. Akauliza kama atapunguziwa alama kwa kukosa mshale. Nikamwambia huenda.

Alikaa na kazi hiyo mpaka mama akaanza kukusanya vikombe. Kwenye mstari wa seli za Purkinje hakuweka hata nukta moja.